Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Dada wa mezani pale ofisi ya bima, Tanga mjini, aliponiambia, "Basi kati yako na mkweo, mmoja wenu ni muongo," nilimtoa mwanangu kwenye ziwa, nikafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, nikamweka mtoto mgongoni na kukaza kanga, kisha nikaipiga ile meza kwa kiganja mpaka kikombe chake cha chai kikaruka.

Mtaani kwetu Pangani wananijua kwa mdomo. Mkono wangu huwa unakaa mahali pake. Siku hiyo mkono ulitangulia, mdomo ukafuata nyuma.

"Rudia," nikamwambia.

Hakurudia. Alikuwa anafuta chai kwenye karatasi zake.

"Niite mimi muongo. Mimi nimezaliwa Ngamiani, majibu ninayo ya kutosha mpaka kesho kutwa. Lakini yule mzee usimguse. Yule hata kuku wa jirani akiingia ndani anamwambia karibu."

Mlinzi akaja, akasimama pembeni yangu kama mtu aliyetumwa kushika moto. "Mama, taratibu. Hapa ni ofisini."

Babu mmoja wa kanzu aliyekuwa akisubiri kwenye benchi akamjibu bila hata kunigeukia, "Mwache aseme, mwanangu. Akimaliza yeye naingia mimi."

Yule dada akashusha pumzi. "Kama hukuridhika, dada yangu, andika malalamiko rasmi." Alisema kama mtu anayekuonyesha mlango. Nadhani wengi wakiambiwa hivyo hutoka, wakanywa maji ya miwa pale nje, hasira zikapoa, wakarudi kwao.

"Nitaandika," nikasema.

"Karibu."

"Usinikaribishe. Nitakuja."

Kilichoniuma njia nzima ya kurudi Pangani ni kwamba alikuwa amepatia nusu. Mkwe wangu kweli alisema uongo. Nilikuwepo. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda saa ile anausema, wala sijawahi kutamani kumziba mtu mdomo kama nilivyotamani saa ile ile.

Nieleze vizuri.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa. Mume wangu ni utingo wa lori la katani. Nyumbani anakuja kama mgeni, anakula, anabeba watoto, anaondoka. Kwa hiyo aliyenilea kwenye ndoa hii ni mama yake. Nilipofika nikiwa mtu wa mjini, nisiyejua kusuka kuti hata moja, alinikalisha mkekani akanifundisha kwa vidole, kwa sababu macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Alikuwa akipapasa kazi yangu na kusema, "Hapa umekaza, hapa umemwachia panya njia." Nilipojifungua wa kwanza alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikalia, akalia na yeye, akaendelea kukanda. Akifurahi ananiita mwanangu. Akikasirika ananiita mkwe. Siku nikipika mchuzi bila nazi ya kutosha nakuwa mkwe mpaka kesho yake.

Sasa haoni ila mwanga na kivuli, na nyonga zimekataa. Dunia yake ni chumba chake. Asubuhi anaweka kiganja ukutani kando ya kitanda, anaufuata ukuta mpaka kwenye mwimo wa mlango, kutoka hapo mpaka kwenye mtungi wa maji, anatawadha, anarudi kwa njia ile ile. Ukuta huo ndio fimbo yake. Aliujenga marehemu mumewe, baba mkwe ambaye mimi sikumkuta: boriti za mikoko, fito, udongo, kisha akausiriba mwenyewe kwa viganja vyake mpaka ukawa laini. Mama mkwe husema mumewe alisiriba kama anampapasa mtoto alale. Sijawahi kumwona yule mzee, lakini nimelala ndani ya kazi yake miaka yote hii.

Ubaya ni mmoja. Nyumba imekaa bondeni, karibu na mto, na chini haina msingi. Udongo juu ya udongo. Zamani, wanasema, maji yalikuwa yanafika mwisho kwenye minazi ile pale, yanasalimia, yanarudi. Siku hizi yanapanda bila hodi. Kila masika natazama ukuta wa chumba chake unavyonyonya maji kutoka chini kama utambi, na nikawa nataka kitu kimoja tu katika dunia hii: msingi wa mawe. Sikutaka sofa, sikutaka televisheni. Mawe na saruji chini ya kile chumba, kwa sababu mwenyewe ameshasema hahami. Mume wangu alimbembeleza twende tukapange Tanga mjini. Akamjibu, "Nihamishe ukishanivika sanda."

Ndiyo maana yule kijana wa bima alipokuja kwenye kikundi chetu cha wasuka makuti nilimsikiliza. Alikuwa na fulana yenye nembo na sauti nzuri. Akatueleza kwamba tunachangia kidogo kidogo, na mafuriko au tufani ikiangusha nyumba, kampuni inatoa fidia ya kujenga tena. Wanawake wakamhoji kama wanamchumbia.

"Na nyumba isipoanguka?"

"Mnamshukuru Mungu."

"Na zile pesa zetu?"

"Zinamsaidia mwenzenu aliyeangukiwa."

"Sasa nyinyi faida yenu nini, nyumba yangu ikianguka?"

Kijana akacheka. "Mama, sisi kazi yetu kukushika mkono."

Neno hilo ndilo lililonichukua. Huku kwetu mtu akifiwa ndiyo unamshika mkono. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama mkwe nimejiunga, nyumba yake imekatiwa bima. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole.

"Majirani nilionao hawatoshi?"

"Wanatosha, mama. Lakini majirani na wao wanakaa bondeni. Maji yakija yanatukuta sote siku moja. Huyu wa bima anachukua kwetu na kwa watu wa Muheza na wa Handeni, na kule Handeni hakuna mto wa kuwaingilia chumbani."

Akafikiri. "Kwa hiyo watu nisiowajua watanijengea."

"Ndiyo."

"Mungu awabariki. Waambie wakija nitawapikia."

Alisema kweli kabisa. Ndivyo alivyoielewa bima, na mpaka leo sioni kama alikosea.

Mvua zile zilianza milimani kabla hazijafika kwetu. Tuliuona mto umebadilika rangi, unashuka na migomba mizima na mizizi yake. Kivuko kikasimamishwa. Na bahati mbaya ikaangukia siku za bamvua, bahari imejaa mpaka juu, basi mto ukija kutoka ukaikuta bahari imefunga mlango. Maji yakarudi nyuma, yakaingia kwetu mchana kweupe, watu wamekaa kula.

Nilikuwa na mdogo kifuani, mkubwa nimemshika mkono, na mama mkwe amekaa kitandani ananiambia, "Nyie tangulieni, mimi nitafuata," mtu ambaye hajatoka nje peke yake tangu mwezi wa Ramadhani uliopita. Jirani yetu wa mbele, mwanamke mnene mwenye sauti, tunasuka naye makuti, akaingia maji yakiwa magotini, akageuza mgongo akainama.

"Panda, mama."

"Utanidondosha."

"Nimebeba magunia ya nazi mazito kuliko wewe. Panda!"

Akapanda. Tukatoka tumefuatana, maji ya kahawia, ndoo zinapita. Njiani jirani akawa anahema. "Shoga, mkweo mzito. Mume wangu mwepesi kuliko huyu."

Kutoka mgongoni mama mkwe akamjibu, "Mumeo umembeba lini?"

Nilicheka katikati ya mafuriko. Nilicheka nikilia, na kwa meno nimekaza kanga ili mtoto asidondoke. Simu yangu ilizama hapo, wala sikuikumbuka mpaka jioni.

Tukapelekwa shule ya msingi, mlimani kidogo, madarasani. Tukakaa huko maji yakipungua polepole. Jirani akashuka kwenda kutazama, akarudi, akanivuta pembeni nyuma ya vyoo.

"Ukuta wa chumbani kwa mama umelala."

Kwetu hatusemi umeanguka. Tunasema umelala, kama tunavyosema mtu ametutoka. Nikataka kukimbia. Akanishika kanga.

"Unakwenda wapi? Wewe mwenye msiba. Kaa na mama. Na asijue."

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe mtu wa mjini nililikuta nikajifunza. Mtaani kwetu nyumba ikianguka huwa ni msiba, na taratibu zake ni za msiba. Mwenye nyumba hashiki jembe. Hapelekwi kutazama kifusi, kama vile mfiwa hapelekwi kuosha maiti wa kwake kama hana nguvu hizo. Watu wanatangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na ujira, wanasimamisha boriti, wanakanyaga udongo kwa miguu, wanakandika, na mwenyewe anaitwa kikishakuwa kitu cha kutazamika. Na huyu alikuwa mzee haoni, na ukuta ni wa marehemu mumewe. Wakaapiana watamrudishia chumba chake vile vile, asijue kama kilitikisika. Mmoja wao akatoa simu apige picha kile kifusi, wenzake wakamjia juu: "Maiti hupigwa picha?" Akairudisha mfukoni. Nilisimuliwa baadaye. Ile picha ingekuwa ushahidi wangu kwa bima, yaani msingi wangu wa mawe, lakini hakuna aliyejua, na hata wangejua, sina hakika kama wangeipiga.

Binti yangu mkubwa, hajatimiza miaka minne, alinitoroka kule shuleni akamfuata jirani. Alirudi jioni ametapakaa udongo mpaka kwenye nyusi. "Nimejenga," akaniambia. Nikamwosha, nikadhani maneno ya kitoto.

Siku ya kurudi walituleta kama maharusi. Wamekausha godoro juani, wamefua kanga za mama wakazikunja, mkeka mahali pake, mtungi mahali pake, hata tasbihi yake wameitundika kwenye msumari ule ule, sijui waliupataje. Walisimama wote mlangoni, kucha zao zimejaa udongo, hakuna anayepumua. Jirani akamshika mama mkono akamwingiza.

Mama mkwe akaketi kitandani. Akaweka kiganja ukutani, kama kila siku.

Kikasimama pale pale.

Kisha kikaanza kutembea taratibu. Kikapanda, kikashuka. Chini kidogo, usawa wa godoro, vidole vyake vikaingia kwenye kishimo. Hapo ndipo nilipokiona na mimi: kiganja kidogo, vidole vitano vimetanuka, kimebonyezwa udongo ukiwa mbichi. Akaweka ncha za vidole vyake ndani ya vile vidole vidogo, akatulia.

Akageuza uso mlangoni, kwenye kivuli cha wale watu. "Chumba changu ni kile kile," akasema. "Mungu awalipe kwa kukichunga."

Watu wakashusha pumzi. Jirani akatoka mbio nje kujifuta machozi, akijifanya anafukuza mbuzi. Mbuzi hakuwepo.

Walipoondoka, mama mkwe akaniita karibu. "Ukuta wa mume wangu umekwenda."

Nikakaa kando yake. "Ndiyo, mama."

"Usiwaambie kama najua. Wamejichosha ili nisijue. Nikisema najua, nitakuwa nimewamwagia kazi yao yote." Akakipapasa tena kile kiganja. "Na huyu fundi mdogo, usimpige."

Basi tukaishi hivyo. Majirani wanamficha yeye, yeye anawaficha wao, na mimi katikati nimemeza funguo. Nilipiga simu ya bima kwa simu ya kuazima siku tukiwa bado shuleni, wakasema mkaguzi atakuja. Hawakuniambia nisiguse kitu. Wakakaa, wakakaa, ukuta ukakauka, ukapakwa chokaa, ndipo mkaguzi akaja.

Sitamsingizia, alikuwa kijana wa adabu. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuombewa dua. Akapiga picha, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaangalia juu, akaangalia chini. Mtaa mzima umejaa mlangoni, kila mtu anautazama ukuta aliouchangia.

"Mbona pazima?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa sauti ya chini twende nje nikakueleze. Hakusikia, au alidhani nataka kumpa kitu. Akamgeukia mama mkwe, kwa sauti kubwa ile ambayo vijana huwapigia wazee kana kwamba kutoona ni kutosikia.

"Eti bibi, ukuta huu ulianguka?"

Jirani akatazama miguu yake. Nikawa namwomba mama mkwe kimoyomoyo: sema ndiyo, sema ndiyo, mawe yako hapo kwenye ulimi wako. Na yeye alijua. Alijua mimi nataka nini, na alijua mlangoni kumesimama nani.

"Ukuta upi, mwanangu? Huu wa marehemu mume wangu? Haujaanguka hata siku moja."

Mkaguzi akaandika.

Mimi simkanushi mama mkwe wangu mbele za watu. Niite mshamba. Nilisubiri mkaguzi afike kwenye pikipiki, nikamkimbilia. "Kaka, ulianguka. Majirani waliujenga wakamficha. Sasa yeye anawaficha wao kwamba anajua."

Akanitazama kama mtu aliyepewa hesabu bila namba. "Kwa nini hamkuuacha kama ulivyoanguka mpaka nifike?"

"Na yeye alale wapi?"

Akawasha pikipiki. "Dada, mimi naandika nilichokiona na nilichokisikia."

Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu ya mume wangu: dai limekataliwa, taarifa si za kweli. Nikapanda kwenda Tanga. Nikaambiwa rudi. Nikarudi. Nikaambiwa mhusika hayupo. Mara ya mwisho mhusika alikuwepo, na mengine mmeshayasikia: kikombe, meza, babu wa kanzu.

Nilifika nyumbani uso umevimba. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Kwa muda wote ule sikuwa nimemwambia mama mkwe kwamba jibu lake ndilo lililotunyima. Nilimwambia tu mambo ya ofisi yanachelewa. Nikakaa mkekani nikaanza kusuka, nakaza kuti mpaka linakatika.

"Umekaza," akasema. Anasikia kwa sauti ya majani.

"Nimechoka, mama."

"Wamekuambia nini?"

"Hawajasema kitu."

"Mkwe."

Aliponiita mkwe nikajua sina pa kukimbilia. "Wamesema kati yangu na wewe mmoja muongo."

Nje watoto walikuwa wanagombania ganda la nazi. Akanyoosha mkono akakitafuta kile kiganja ukutani, akakipata.

"Muongo ni mimi," akasema. "Waite."

"Nani?"

"Wote waliokanyaga udongo."

Wakaja wakidhani anaumwa. Wakajaa chumbani, wengine dirishani. Mama mkwe akajiweka sawa, akavuta kanga kichwani.

"Nimewaita niombe radhi. Niliwadanganya. Ukuta ulianguka, na mimi nilijua."

Jirani akashika mdomo. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu niliposhika. Mume wangu alisiriba kama anampapasa mtoto. Nyie mmekandika kama mnafukuza mbwa."

Mtu mmoja akapasuka kucheka, wakafuata wote, na jirani anacheka machozi yanamtiririka, anampiga mama mkwe mgongoni kofi dogo dogo. "Bibi wee! Na sisi tumetembea kwa vidole mwezi mzima! Mimi hata mume wangu nimemkataza kulitaja neno ukuta humu ndani!"

"Na mimi nimejifanya mjinga mpaka nimechoka," akajibu. "Na hiki kiganja nacho mlidhani ni cha marehemu?"

Wote wakamgeukia binti yangu. Akajificha nyuma ya gauni langu. Kisha akatoa jicho moja. "Sikuharibu, bibi. Nilisaidia."

"Najua, mjukuu wangu. Ndiwe uliyesiriba vizuri kuliko wote."

Nikawaeleza basi kuhusu bima, na jibu, na msingi. Nikawaambia pia kwamba msingi ukijengwa, ukuta huu utabidi ubomolewe, pamoja na mikono yao. Niliogopa kulisema hilo. Jirani akautazama ukuta, akaugusa. "Tutaukandika tena. Lakini safari hii juu ya mawe, maji yakome." Mama mkwe akasema yeye atalala kwa jirani kazi ikiendelea, mradi abebwe kwa heshima.

Barua ya malalamiko niliiandikia mlangoni, pale kwenye mwanga, karatasi nimeiwekea ubao wa kukunia nazi chini. Kila mtu ana neno lake. "Andika wana roho mbaya." Siandiki hivyo. "Andika mkaguzi alipewa mpaka madafu, akanywa." Hilo nalo siandiki. "Andika kwa Kiswahili cha shule, wasituone washamba." Hilo nilijaribu. Mama mkwe alitaka asomewe kila mstari, na mahali fulani akanikata: "Hapo umekaza mno, legeza." Nikalegeza kidogo. Mwishoni akachovya dole gumba kwenye wino, akanipa mkono niuongoze.

Nikaipeleka Tanga mwenyewe, nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa ofisi ya serikali inayosikiliza malalamiko ya bima. Dada yule yule alikuwa mezani. Aliponiona akasogeza kikombe chake upande wa pili.

"Kumbe umeandika kweli."

"Gonga muhuri."

Akasoma kwanza. Alianza haraka haraka, kisha akapunguza mwendo. Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena, nami nimesimama, mtoto amelala mgongoni. Akagonga muhuri nakala zote, akanirudishia yangu kwa mikono miwili.

Nakala yangu hii hapa, kama ilivyo:

YAH: KUNYIMWA FIDIA YA UKUTA NA KUITWA WAONGO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nyumba tuliyoikatia bima kwenu iliingiliwa na mafuriko ya mto na bahari, na ukuta wa chumba cha mwenye nyumba ukaanguka wote. Majirani waliusimamisha kabla mkaguzi wenu hajafika, kwa sababu mwenye nyumba ni mzee, haoni, na hakuna mahali pengine anapokubali kulala. Hawakumsubiri mkaguzi. Nyinyi msingewasubiri pia, angekuwa mama yenu.

Mwenye nyumba alipoulizwa mbele ya majirani hao alisema ukuta haukuanguka. Alisema hivyo ili asiwavunje moyo. Sasa anakiri kwamba ulianguka, na dole gumba lake liko chini, pamoja na majina ya waliokandika. Kama kosa hili ni la mtu, ni la heshima zetu, na sisi hatukusudii kuziacha.

Tunalalamikia mambo mawili. La kwanza, kazi ya majirani imehesabiwa kuwa ni ushahidi kwamba hatukupata hasara. Udongo ule haukuwa wenu. Mlituahidi kutushika mkono. Walioshika mkono ni wengine, na nyinyi mmeutumia mkono wao kufungia wa kwenu. Bado nyumba haina msingi na masika yanakuja. La pili, mkwe wangu ameitwa muongo ofisini kwenu. Neno hilo liondolewe kwenye kumbukumbu zenu, na mtu aje kumwomba radhi. Atampikia.

Tunaomba mkaguzi arudi. Nyumba hiyo ilijengwa kabla mimi sijazaliwa, lakini kwenye ukuta wa chumbani, usawa wa godoro, kuna alama ya kiganja cha mwanangu ambaye hajaanza hata shule ya awali. Ukuta wa zamani hauwezi kuwa na mkono wa mtoto wa juzi. Njooni mpime mkono wake kwenye alama hiyo.

Mje mapema. Mtoto anakua.

Ni mimi, mkaza mwana wa mwenye nyumba.